Madoa ya Wadudu Kwenye Gari: Loweka Kwanza, Usikwangue

Mama msomaji, ikiwa unaishi Tarime au Serengeti unafahamu jinsi gari linavyoonekana likiingia uani usiku baada ya mvua za kwanza. Boneti, bampa na taa huwa kama vimemwagiwa uji uliochanganyika na mabawa. Hao ni kumbikumbi. Hufuata mwanga, nao hawajui kwamba taa ya gari inakuja kwa mwendo wa kilometa themanini kwa saa.

Huenda utasema kwamba gari ni mambo ya baba, au ya dereva. Lakini tujiulize: ni nani anayechota maji ya kuliosha? Na asubuhi, baba anapotaka kuwahi Sirari au Mugumu, ni nani anayeambiwa amtume mtoto akasugue haraka kwa stiliwaya ya jikoni? Tena, kwa familia nyingi gari ndiyo mali kubwa kuliko zote baada ya nyumba na ng'ombe. Siku likiuzwa ili kulipa ada ya shule au matibabu, mnunuzi hutazama rangi kabla hajafungua boneti. Ndiyo maana tumeona yafaa tulizungumze jambo hili sisi wenyewe.

Wadudu wa kwetu si wa aina moja. Mbali na kumbikumbi wa majira ya mvua, wako wale wadogo wa ziwani wasiouma, ambao hupanda juu ya Ziwa Victoria kama moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo. Wanaosafiri kwenda Shirati, iliyokuwa sehemu ya Tarime kabla ya wilaya ya Rorya kuundwa mwaka 2007, wanawajua vizuri. Hata kwenye daraja la Kirumi, pale Mto Mara unapopita katika mafunjo kabla ya kuingia ziwani, usiku kioo cha mbele huchafuka kwa dakika chache. Upande wa Serengeti wako ndorobo. Hawa huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea, na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo sababu mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mwenye gari la buluu iliyoiva akipita karibu na hifadhi atawabeba wengi. (Vioo vifungwe, maana ndorobo huleta malale. Hilo ni kubwa kuliko rangi.)

Kwa nini madoa haya ni mabaya kuliko tope? Tope hukauka likabaki tope. Mdudu aliyepasuka huacha mafuta na utomvu wenye protini, kama ute wa yai. Jua likipiga, utomvu huo hushikamana na rangi na kuanza kuoza, na katika kuoza huzidi kuwa na asidi. Katika jimbo la Florida, Marekani, kuna inzi wadogo weusi ambao huruka wawili wawili wakiwa wameshikana, mwezi wa Mei na tena Septemba, na kuyafunika magari barabarani. Wataalamu wa huko walionyesha kwamba mdudu huyo anapopasuka hana ukali wowote wa kutisha, ila akiachwa juu ya gari kwa siku moja asidi yake huongezeka sana. Kwa hiyo anayeharibu rangi si mdudu wa jana usiku, bali ni yule wa Jumatatu anayesubiri kuoshwa Jumamosi.

Tufahamu pia kwamba rangi ya gari la siku hizi ina matabaka. Chini kuna rangi ya kushika bati, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi, ambayo ndiyo hung'aa. Vanishi hiyo haizidi unene wa unywele wako mmoja. Asidi huila taratibu, lakini stiliwaya huimaliza kwa asubuhi moja. Kwa maoni yetu, magari mengi ya kwetu yameharibiwa zaidi na kusuguliwa kuliko na wadudu.

Basi tufanyeje? Fanya kama unavyofanya kwa sufuria ya ugali. Hakuna mama anayekwangua ukoko mkavu kwa nguvu zake zote. Hutia maji, huiacha, akaendelea na kazi nyingine. Gari nalo ni vivyo hivyo. Lisimamishwe kivulini mpaka boneti ipoe, kwa maana bati lenye moto hukausha maji na sabuni kabla hazijafanya kazi. Kwanza mwaga maji kidogo kutoka juu ili vumbi lote literemke. Usiruke hatua hii. Vumbi la barabara zetu za moramu ni mchanga, na ukipitisha kitambaa juu yake unakuwa unapiga msasa. Kisha chukua kitambaa cha pamba, fulana kuukuu au kanga iliyochakaa, ukiloweshe vizuri kwa maji yenye sabuni ya maji kidogo, ukilaze juu ya madoa. Kiache dakika tano hadi kumi. Kikianza kukauka, ongeza maji. Ukikiinua utaona sehemu kubwa ya uchafu imekuja nacho, na iliyobaki itatoka kwa kufuta polepole bila kukandamiza. Panapokataa, laza kitambaa tena. Usiongeze nguvu, ongeza muda. Mwisho suuza na ukaushe.

Maji yawe ya baridi au ya uvuguvugu tu. Maji ya moto sana hugandisha protini, kama vile damu kwenye shuka inavyogoma kutoka ukiitia maji ya moto. Damu ya ndorobo aliyepigwa kofi juu ya kiti cha gari nayo huondolewa kwa maji baridi.

Njia hii ina faida nyingine kwetu. Kuloweka kwa vitambaa hakuhitaji zaidi ya ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, wakati kijana mwenye haraka humaliza ndoo sita akirusha maji hewani. Wewe uliyezibeba kichwani kutoka kisimani unajua tofauti yake.

Mafuta ya taa, petroli na thina tuviache. Ni kweli huondoa madoa, lakini huondoa na nta, na thina huyeyusha rangi yenyewe. Petroli mikononi mwa mtoto hatuna haja ya kuieleza. Sabuni ya unga nayo ni kali kwa rangi, na punje zake zisipoyeyuka hukwaruza. Dawa ya meno ina chembe za kusugua, huacha baka lililofifia.

Wako wanaopaka mafuta mepesi mbele ya gari kabla ya safari ili wadudu wasigande. Kwenye lami ya Makutano hadi Sirari huenda ikasaidia. Lakini ukiacha lami na kuingia kwenye vumbi, mafuta hayo yatakusanya mchanga, na atakayefuta jioni atakwaruza gari zima. Afadhali nta ya gari, inayopakwa na kung'arishwa mpaka ikauke, kabla mvua hazijaanza. Juu ya nta mdudu hashiki sana.

Na gari lisipelekwe mtoni kuoshwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hata bila sheria, sabuni na grisi zinazoingia Mto Mara asubuhi hukutana na ndoo ya mama mwingine kule chini.

Ukisha kuosha, pitisha ncha ya kidole juu ya mahali palipokuwa na doa. Pakiwa laini, umemaliza. Ukihisi kishimo au duara lisilotoka, asidi imekwisha kula vanishi, wala hakuna sabuni itakayolirudisha. Hapo ni kazi ya fundi rangi, ambaye huipunguza vanishi inayozunguka mpaka ilingane na kishimo. Naye hawezi kurudia mara nyingi, kwa kuwa kitu chenyewe ni chembamba.

Kioo cha mbele kilowekwe vilevile kabla ya kuwasha waipa, la sivyo mafuta ya kumbikumbi yatapakaa kioo chote, na usiku barabarani kuna ng'ombe. Mwambie baba atazame na rejeta pia. Mabawa na majani yakiziba matundu yake injini huchemka. Yatolewe kwa maji yanayotoka upande wa injini kuelekea nje, injini ikiwa imepoa. Vitambaa vya kazi hii vitiwe fundo pembeni ili visirudi jikoni.