Ufa Ulio Chini ya Nchi, na Jinsi Unavyochunguzwa



Mama aendaye sokoni kununua chungu hatosheki na maneno ya mwuzaji. Hukiinua chungu, akakigonga kwa kidole, akatega sikio. Kikilia vema, hukinunua. Kikitoa sauti mbovu, hukirudisha mahali pake, maana ajua ya kuwa kina ufa, ijapokuwa macho hayauoni. Leo twataka kueleza jinsi wataalamu wafanyavyo vivyo hivyo kwa nchi yenyewe, hata wakazijua nyufa zilizo chini sana.

Mawe yaliyo chini ya miguu yetu yamepasuka mahali pengi. Pande mbili za ufa husukumana miaka mingi, nazo zimekwama. Kisha siku moja huteleza kwa ghafula. Hilo ndilo tetemeko la nchi, ambalo wengine huliita zilizala. Kutoka hapo mawimbi huenea pande zote. Wimbi la kwanza husukuma mawe na kuyavuta, kama sauti ipitavyo hewani. Wimbi la pili huyatikisa upande kwa upande, kama kamba iliyofungwa mtini itikiswapo na mtoto. Katika mawe magumu wimbi la kwanza huenda karibu kilomita 6 kwa sekunde moja, na la pili huenda kama kilomita 3 na nusu. Lakini yakifika penye mawe yaliyovunjika-vunjika, mawimbi yote mawili hupunguza mwendo. Neno hili tulishike, maana ndilo ufunguo wa habari yote.

Tutwae mfano wa Landers, katika jangwa la kusini mwa California, nchi ya Marekani. Tarehe 28 Juni 1992, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, palitokea tetemeko la kipimo cha 7.3. Uso wa nchi ulipasuka kwa urefu wa kilomita 80 hivi, na mahali pengine upande mmoja wa ufa ulihama karibu mita 6. Watu wa huko walikuwa wachache, lakini mtoto mmoja mdogo aliuawa na matofali ya dohani yaliyomwangukia.

Baada ya tetemeko kubwa hufuata madogo mengi. Wataalamu, miongoni mwao Yong-Gang Li na Keiiti Aki, walipanga vyombo vya kupimia mitetemeko kwa mstari uliokata ufa ule. Vyombo vilivyokuwa mbali na ufa viliandika mawimbi mawili tuliyoyataja, kisha vikatulia. Vilivyowekwa juu ya ufa wenyewe viliandika jambo jingine: nyuma ya yale mawili yalikuja mawimbi makubwa, ya polepole, yaliyodumu. Kwa nini? Kwa sababu yalikuwa yamenaswa. Wimbi lililomo katika mawe yaliyovunjika, likigonga mawe magumu ya kando, hurudishwa ndani. Likigonga upande wa pili, hurudishwa tena. Hivyo hufuata ufa kama maji yafuatavyo mfereji.

Kwa kuyapima mawimbi hayo walitambua ya kuwa ufa si mstari mwembamba, bali ni ukanda wa mawe yaliyopondwa, wenye upana wa mita 100 hadi 200, ambamo mwendo wa wimbi la pili umepungua kwa theluthi moja, hata kukaribia nusu. Je, ukanda huo washuka mpaka wapi? Hapo wataalamu walihitilafiana. Wa kwanza walidhani ya kuwa washuka kilomita 10 hivi. Lakini mwaka 2003 wengine, walipoyachungua mawimbi ya matetemeko mengi zaidi, waliona ya kuwa unaoyanasa mawimbi washuka kilomita 2 hadi 4 tu.

Lililo ajabu zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 1994 walilipua baruti ardhini karibu na ufa, wakapima mwendo wa mawimbi. Mwaka 1996 wakalipua tena mahali pale pale. Mara ya pili mawimbi yalifika mapema zaidi. Mwendo ulikuwa umeongezeka kwa kadiri ya sehemu moja katika mia. Maana yake, vijitundu vya mawe vilikuwa vikijifunga. Ufa ulikuwa ukipona, kama mfupa uliovunjika uungavyo polepole. Ndipo tarehe 16 Oktoba 1999 likatokea tetemeko jingine la kipimo cha 7.1 karibu na huko, mahali paitwapo Hector Mine. Ufa wa Landers haukuteleza tena siku ile kama ulivyoteleza mwaka 1992. Lakini ulipopimwa, mawimbi yalikuwa yamepungua mwendo. Mtikiso wa jirani ulikuwa umetonesha kidonda chake. Kisha ukaanza kupona tena.

Pengine mtu atauliza, faida yake nini? Elimu hii haitaji siku ya tetemeko lijalo. Asidanganyike mtu kwa hayo. Faida yake ni kuonyesha mahali ulipo ukanda wa mawe mabovu na upana wake. Nyumba ijengwayo juu ya ukanda huo huweza kutikiswa kwa nguvu zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, kuliko ile iliyo juu ya mwamba mzima ulio jirani.

Nasi tukaao Afrika ya Mashariki tusidhani ya kuwa hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Tarehe 6 Januari 1928 nchi ilipasuka huko Subukia, Kenya, katika Bonde la Ufa, chini ya ukingo wa Laikipia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa nchi hatuwezi kuuziba. Nchi hujiziba yenyewe, kwa miaka yake. Lililo letu ni kugonga na kusikiliza kwanza, kama mama yule wa chungu, ndipo tuchague mahali pa kujenga shule na nyumba za watoto wetu.