Kuchukua Dawa Darajani

Katika nyumba zetu nyingi yuko mzee anywaye vidonge vya presha au vya sukari kila siku, na yuko mtoto atumwaye Darajani kumchukulia vingine vile vinapokwisha. Jambo hili ni la kila mwezi, hata watu huliona dogo. Sisi hatulioni dogo, maana tumezika watu kwa ajili yake.

Mji wetu umezoea nyumba za dawa tangu zamani. Huko Mkunazini, karibu na Kanisa Kuu, Misheni ilikuwa na hospitali yake. Na mbele ya bandari Tharia Topan alianza kujenga nyumba kubwa ya dawa mwaka 1887. Yeye alifariki mwaka 1891, nayo ikamalizika mwaka 1894, na wagonjwa wakapewa dawa mumo hata mwaka 1964. Siku hizi daktari huandika cheti, na mara nyingi dawa yenyewe hununuliwa penginepo, hasa katika maduka ya Darajani. Kati ya daktari na duka hapana ila kile cheti. Hicho ndicho kisemacho kwa niaba ya daktari.

Lakini mtoto hutumwa bila cheti, ameshika kidonge kimoja mkononi. “Bibi amesema vile vyeupe vidogo.” Muuza dawa mwema humjibu, “Mwanangu, vyeupe vidogo ninavyo vya namna nyingi. Rudi kwa bibi, mpe salamu zangu, mwambie naomba cheti.” Mtoto hununa, bibi naye hukasirika, kumbe yule amewatendea wema. Rangi haitambulishi dawa. Dawa moja hutoka katika viwanda vingi, na kila kiwanda kina rangi yake. Tena amlodipini, ambayo wengi huinywa kwa presha, iko ya miligramu 5 na iko ya miligramu 10, na mtu aliyezoea ile ndogo akipewa kubwa huenda akavimba miguu na kuona kizunguzungu. Muuza dawa apokeaye fedha pasipo kuuliza neno, huyo ndiye wa kuogopwa.

Kosa la pili ni kungoja mpaka kidonge cha mwisho kimekwisha. Mzee wa Makunduchi au wa Nungwi hana nauli leo, kesho kuna mvua, kesho kutwa kuna maziko. Siku kumi zimepita. Presha haiumi, naye hujiona mzima, hata asubuhi moja aamke upande mmoja wa mwili umekufa. Yafaa vidonge vihesabiwe kila Jumapili baada ya ibada, na vikisalia vya siku saba, ndipo cheti kipya kiombwe. Kazi hiyo mtoto wa shule aiweza sana.

Pia bahasha isomwe. Ikiandikwa 1×3, maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa nane. Wako wavimezao vitatu pamoja usiku, ili wamalize kazi.

Habari ya dawa za kuua vijidudu, kama penisilini, ni nyingine, nazo zina hatari kubwa zaidi. Mgonjwa hunywa siku mbili, homa ikapoa, akaviweka vilivyobaki kabatini au akamgawia jirani mwenye kikohozi. Twajua ni huruma. Lakini vijidudu visivyokufa huizoea dawa, na jirani amepewa dawa ya ugonjwa asio nao. Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini mwaka 1928, aliionya dunia juu ya jambo hili katika hotuba yake huko Stockholm mwaka 1945. Nasi Unguja tumeliona kwa klorokwini: vijidudu vya malaria viliizoea, hata mwaka 2003 ikabidi kuiacha na kutumia dawa mpya. Naamani Mshami aliambiwa na Elisha ajichovye Yordani mara saba. Twadhani hata mara ya sita alikuwa angali na ukoma wake.

Baadhi ya ndugu walioingia kanisani karibuni hutuuliza kama kunywa dawa si upungufu wa imani. Luka Mwinjili alikuwa tabibu, na Yoshua bin Sira, mlango wa 38, afundisha kwamba tabibu apewe heshima yake na kwamba dawa ni kazi ya Mungu. Aliye na swali zaidi na amwendee padre wake. Ila asiache vidonge huku akingoja jibu.

Neno moja kwa wafungao Kwaresima, na kwa majirani zetu wafungao Ramadhani. Mwenye sukari asijibadilishie mwenyewe saa za dawa. Aende kwa daktari kabla mfungo haujaanza, achukue na cheti chake cha zamani, ili saa mpya ziandikwe juu ya cheti kipya.