Wanafunzi wa Ng'ambo Waandaliwe kwa Maisha, Si kwa Viza Pekee

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Hawakukosea, ila yamkini wangeongeza kwamba kuona mengi ukiwa peke yako, katika nyumba ya watu usiowajua, ni jambo linalohitaji maandalizi. Katika sehemu zetu hizi za majani chai, kuanzia Kericho na Litein hadi Sotik na Bomet, kijana akipata nafasi ya kwenda ng'ambo kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, sote huchangamka. Mwalimu mkuu hutangaza gwarideni, mchango huitishwa, mahojiano hufanyiwa mazoezi, pasipoti na viza hushughulikiwa. Lakini swali la jinsi mtoto huyo atakavyoishi siku baada ya siku halina anayelijibu.

Mipango yenyewe si migeni. Shirika la AFS limekuwa likiwapeleka vijana wa shule za upili kuishi na familia za nchi nyingine tangu 1947. Mwaka 2002 Marekani ilianzisha mpango uitwao YES, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka wanafunzi kupitia mpango huo. Mwanafunzi huishi na familia ya Kimarekani, husoma huko mwaka mmoja, kisha hurudi kwao. Nimefundisha katika eneo hili kwa miaka mingi, na nimewasikiliza baadhi ya vijana waliorejea. Kinyume na nilivyotarajia, hawakusimulia sana theluji wala maghorofa. Walisimulia mambo madogo madogo.

La kwanza ni chakula. Katika boma la Kikipsigis, mgeni mwenye adabu akikaribishwa husema ameshiba, na mama mwenye nyumba, kwa adabu iyo hiyo, hupuuza maneno hayo na kumpakulia kimyet. Huko ughaibuni neno "hapana" huchukuliwa kuwa hapana. Kijana akisema ameshiba, sahani huondolewa mezani, naye hulala njaa huku wenyeji wakidhani wamemheshimu. Aidha, huambiwa ajisaidie mwenyewe kwenye jokofu wakati wowote, jambo ambalo kwetu ni sawa na kupekua jiko la mwenye nyumba. Basi na ajue mapema kwamba kusema "ndiyo, nina njaa" si ulafi, na kwamba anayekula humo hutarajiwa pia kuosha vyombo, kufua nguo zake na kusafisha chumba chake, awe msichana au mvulana.

La pili ni heshima. Sisi humfunza mtoto kutomkodolea macho mtu mzima na kutomwita mzazi kwa jina lake. Huko, anayeinamisha macho hushukiwa kuwa anaficha jambo, na baba wa familia huenda akasisitiza aitwe kwa jina lake la kwanza. Fauka ya hayo, nyumba zenyewe ni kimya. Hakuna shangazi anayepita bila hodi, wala majirani wa kusimama nao njiani kusalimiana "chamgei". Kila mmoja huingia chumbani mwake na kufunga mlango. Kijana aliyezoea bweni la wanafunzi arobaini huuona mlango uliofungwa na kudhani amechukiwa, ilhali mwenyeji wake anapumzika tu.

Shuleni nako kuna mageuzi. Sare aghalabu hakuna. Hapa mwalimu huingia darasani na kuwakuta wanafunzi. Katika shule za upili za Marekani ni wanafunzi wanaohama kutoka chumba cha mwalimu mmoja hadi cha mwingine kengele ikilia. Alama hukusanywa mwaka mzima kutokana na kazi za nyumbani, majaribio na kushiriki mjadala, na mwanafunzi anayenyamaza kwa heshima huhesabiwa kuwa hajasoma. Tena, mwaka wao wa masomo huanza Agosti au Septemba na kwisha Mei au Juni, ilhali wetu huanza Januari. Anayerudi huwakuta wenzake katikati ya mwaka mwingine. Mzazi na mwalimu mkuu wakubaliane kabla ya safari, kwa maandishi, ni darasa gani litakalompokea.

Baridi isimtishe sana mtoto wa Kericho, kwani anaijua mvua ya alasiri na umande wa alfajiri. Kinachomlemea ni giza. Sisi tulio karibu na ikweta tumezoea mchana na usiku ulio karibu sawa mwaka mzima. Katika jimbo la Minnesota, mwezi wa Desemba, jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama mnamo saa kumi na nusu alasiri. Mtu huenda shuleni gizani na muda mfupi baada ya kurudi huona giza tena, na moyo nao huingia kiza pasipo kujua sababu.

Kisha kuna maswali. Ataulizwa kama kwao wanaishi na simba. Na ajibu kwa upole, maana nasi tuna maswali yetu. Hospitali ya Tenwek imewapokea kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, na nani kati yetu hajacheka mgeni anapoiona mursik ina rangi ya mkaa? Ataulizwa pia kuhusu chai, ambayo Wamarekani wengi huinywa ikiwa baridi, na barafu ndani. Asijue kuchuma tu. Ajue kwamba chai yetu nyingi hupitia mnada wa Mombasa na kuchanganywa na ya nchi nyingine, hata jina la Kericho likapotea njiani. Ajue kwamba mashamba makubwa yalianza kupandwa miaka ya 1920 juu ya ardhi ambayo wakoloni waliwanyang'anya Wakipsigis, na kwamba ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi kuanzia 1934. Asiyejua kwao atawaeleza nini wenyeji wake?

Hapana budi tutaje rangi. Hapa kijana hujulikana kwa ukoo wake na kijiji chake. Huko, kwa mara ya kwanza maishani, ataitwa mweusi kabla ya kuitwa jina lake. Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Kansas mwaka 1960, alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi yeye na wenzake walivyokataliwa kuketi katika mkahawa mmoja wa Indiana. Nyakati zimebadilika, lakini haifai mtoto aende akidhani jambo hilo limekwisha kabisa.

Katika haya yote, adui mkubwa si baridi wala ubaguzi. Ni ule ujumbe mfupi anaouandika mtoto kila Jumapili: "Niko salama, msijali." Huandika hivyo kwa sababu anajua mama aliiuza ng'ombe, au kwamba bonasi ya chai ya Oktoba ililipia sanduku na koti lake. Huandika hivyo kwa sababu jamaa wameona picha yake kando ya gari la wenyeji na wameanza kuomba fedha, nao hawajui kwamba posho yake ni ndogo na kwamba hakuenda huko kutafuta kazi. Mtoto wa namna hiyo anaweza kukaa miezi katika nyumba isiyomfaa kwa kuogopa kuwaaibisha walimu wake.

Hilo tunaweza kulizuia. Katika mipango ya Marekani, mwanafunzi huwa na mratibu katika eneo anakoishi, ambaye kazi yake ni kuwasiliana naye kila mwezi. Kubadilishiwa familia ni jambo la kawaida, wala si aibu. Lakini haki hiyo haimfai mtoto aliyeagwa kwa maneno "usituangushe".

Rai yangu kwa walimu wenzangu ni hii. Kila anayerudi apewe saa moja mbele ya shule asimulie yaliyomshinda pamoja na yaliyomfurahisha. Wazazi waelezwe waziwazi kuhusu fedha kabla ya kuchinja mbuzi. Na siku ya kumuaga mtoto, mtu mzima anayeheshimika asimame amwambie hadharani: ukishindwa kulala, sema, ukiwa na njaa, sema, ukitaka kurudi, sema, na boma hili litakupokea. Mwenye kuipata ruhusa hiyo huihitaji mara chache. Asiyeipata ndiye anayelia gizani, huku sisi tukiwaonyesha majirani picha zake.