Polio Hairithiwi: Kwa Nini Watoto wa Garissa Wako Hatarini

Mtoto akilegea mguu ghafla, baadhi ya jamaa huuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo. Kwa ugonjwa wa polio, unaoitwa dabeyl kwa Kisomali, swali hilo halisaidii. Polio hairithiwi. Huletwa na virusi, na hatari yake hutegemea mahali mtoto anapoishi na kama amepata chanjo zote.

Virusi hivyo huingia kwa mdomo kupitia maji, chakula au mikono iliyochafuliwa na kinyesi. Wengi walioambukizwa hawaonyeshi dalili, lakini huvisambaza. Kwa takriban mtu mmoja kati ya 200, virusi hufika kwenye uti wa mgongo na kuharibu neva zinazoendesha misuli. Kiungo hupooza, na hakuna dawa ya kukirejesha.

Kwa nini Garissa?

Kaunti yetu inapakana na Somalia. Familia huvuka mpaka kwa biashara, malisho na kutembelea jamaa, na wafugaji wanaofuata maji hukosa siku za kliniki.

Mwaka 2006, baada ya Kenya kukaa zaidi ya miaka 20 bila polio, mgonjwa alipatikana katika kambi za Dadaab. Mwaka 2013 mlipuko ulianzia tena Dadaab, na Kenya ikarekodi wagonjwa 14. Mwaka 2023 virusi vilipatikana kwa watoto wanne katika kambi ya Hagadera, Fafi. Wawili kati yao hawakuwa na dalili yoyote.

Wataalamu walipochunguza jeni za virusi vya Hagadera, waligundua vina uhusiano na vile vilivyokuwa vikisambaa Banadir, Somalia. Jeni hizo ni za virusi, si za mtoto wala ukoo wake. Zinaonyesha njia ambayo ugonjwa umepitia.

Virusi vya 2023 ni vya aina inayotokana na chanjo ya matone. Virusi dhaifu vya chanjo vikizunguka kwa muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa, vinaweza kubadilika na kuanza kupoozesha. Kinga ni ile ile: watoto wote wachanjwe.

Mzazi afanye nini?

• Mpe mtoto matone anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 14 hupata pia sindano. Chanjo hizi ni bure katika vituo vya afya vya umma.
• Ukihama, beba kijitabu cha kliniki. Dozi iliyokosekana inaweza kutolewa katika kituo kilicho karibu nawe.
• Timu za kampeni zikifika bomani, mtoe mtoto apate matone hata kama alishachanjwa.
• Tumia choo, tibu maji ya kunywa na nawa mikono kwa sabuni.
• Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, mjulishe mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Sampuli mbili za kinyesi huchukuliwa ndani ya siku 14 na kupimwa katika maabara ya KEMRI, Nairobi.