Simba wa Tsavo katika Jumba la Mwenye Duka

Mkenya anayetaka kuwaona simba wala watu wa Tsavo hana budi kusafiri hadi Chicago. Huko wamewekwa ndani ya kioo, katika jumba la makumbusho lenye jina la mfanyabiashara wa vitambaa, Marshall Field.

Field alianza kama karani wa duka, akaishia kumiliki duka kubwa lililouza karibu kila kitu. Mwaka 1893, baada ya kubembelezwa sana, alitoa dola milioni 1 ili vitu vilivyokusanywa kwa Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika mjini humo visitawanyike. Alipofariki mwaka 1906, wosia wake uliongeza milioni 8. Miaka miwili baadaye mpwa wake, Stanley Field, akawa rais wa makumbusho, akakalia kiti hicho hadi alipofariki mwaka 1964! Mjukuu wa Marshall Field, Marshall Field III, naye alifadhili uchimbaji wa mji wa kale wa Kish, Iraki.

Simba walifika enzi za Stanley. John Henry Patterson, mhandisi Mwingereza aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli kwenye Mto Tsavo, aliwaua Desemba 1898. Kwa takriban robo karne ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwake, zikikanyagwa. Katikati ya miaka ya 1920 makumbusho yalimlipa dola 5,000 kwa ngozi na mafuvu. Ngozi zilikuwa zimekatwakatwa na kuchakaa, kwa hiyo fundi aliyezijaza alipata simba wadogo kuliko walivyokuwa hai. Mgeni anayewadharau kwa udogo wao awasamehe. Kosa ni la zulia.

Ila kwa mtafiti, mali ni mafuvu. Simba mmoja alikuwa na chonge lililovunjika na jipu kwenye mzizi wake, maumivu ambayo huenda yalimfanya apendelee windo laini. Patterson alidai kwamba watu 135 waliliwa. Mwaka 2009, kemia ya mifupa na manyoya ilikadiria watu 35 hivi, wengi wao wakiliwa na huyo mwenye jino bovu. Idadi hiyo bado ni msiba mkubwa kwa vibarua wa reli waliolala kwenye mahema.

Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha uchunguzi wa nywele zilizokuwa zimeganda katika matundu ya meno yaliyovunjika ya simba hao. Vinasaba vilionyesha binadamu, twiga, choroa, kuro, pundamilia na nyumbu. Nyumbu ndiye aliyewashangaza, kwa kuwa malisho yake ya karibu yalidhaniwa kuwa kilomita 80 hivi kutoka kambini. Ama simba hao walizurura mbali kuliko ilivyoaminika, ama nyumbu walikuwepo Tsavo wakati huo.