Mhunzi Yumo, Kibarua Hayumo

Desemba 1942 moto uliteketeza ghala moja huko Hayes, magharibi ya London, na fomu zote za sensa ya mwaka 1931 za Uingereza na Wales zikageuka majivu. Sensa ya 1941 haikufanyika kwa sababu nchi ilikuwa vitani. Ile ya 1921 ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022, na ya 1951 bado imefungiwa. Lipo daftari la usajili wa raia la Septemba 1939, ila hilo linaonyesha siku moja tu. Anayetaka kujua nani alikuwa na duka au kinu katika kijiji cha Kiingereza mwaka 1927 au 1935 hulazimika kushika kitabu ambacho waliokiandika hawakuwa na habari na historia hata kidogo: saraka ya biashara.

Saraka hizi ziliorodhesha nani anauza nini na anapatikana wapi. Ya kwanza ya London ilitolewa na Samuel Lee mwaka 1677, nayo ilihusu wafanyabiashara wa jiji. Vijiji vilisubiri sana. Katika karne ya 19 ndipo wachapishaji kama James Pigot wa Manchester na William White wa Sheffield walipoanza kupita jimbo kwa jimbo. Aliyewapiku wote ni Frederic Festus Kelly. Huyu alikuwa mkuu wa wapeleka barua wa London katika miaka ya 1830, akaichukua saraka ya posta ya jiji hilo kuwa mali yake, kisha akawatumia wapeleka barua walio chini yake kumkusanyia majina. Washindani walipiga kelele, na haki yao, kwa maana mali ya umma ilikuwa inamjaza mtu mmoja mfuko. Hatimaye ilimbidi Kelly aajiri mawakala wake mwenyewe, lakini kufikia hapo jina lake lilikwisha kuenea, na mpaka leo watafiti wengi husema tu "Kelly" wakimaanisha saraka yoyote ya kijiji.

Namna kitabu kilivyokusanywa ndiyo inayotuambia tukiamini kwa kiasi gani. Wakala alifika kijijini, akauliza posta, kanisani na kwenye kilabu, akaandika, akaondoka. Mnunuzi aliyemlenga alikuwa muuza jumla wa mjini, wakili, au mtu anayezunguka na sampuli za mbegu na nguo. Mnunuzi huyo hakuwa na haja ya kumjua kibarua wa shambani, basi kibarua hakuandikwa. Sensa ya 1851 ilihesabu vibarua wa kilimo zaidi ya milioni moja nchini humo, kundi kubwa kuliko kazi nyingine yoyote, lakini katika saraka za miaka hiyo utageuza kurasa za kijiji kimoja baada ya kingine bila kuwaona. Watumishi wa ndani nao hawamo. Wake za watu na watoto hawamo. Ukihesabu majina thelathini ukadhani umehesabu kijiji, umehesabu wateja na wauzaji tu.

Ukurasa wenyewe una mpangilio wake. Huanza na maelezo: kijiji kiko maili ngapi kutoka stesheni ya karibu, kanisa lilijengwa lini na kukarabatiwa lini, kasisi anapata kiasi gani kwa mwaka, ardhi ni ya nani, udongo ni wa aina gani na mazao makuu ni yapi. Hufuata posta, saa barua zinapofika na saa zinapoondoka, kisha shule. Chini yake ndipo majina: kwanza wenye nafasi, wakiwa na sehemu yao peke yao, halafu wenye shughuli. Mpangilio huo tu umekwisha kukueleza nani katika kijiji hicho alivuliwa kofia.

Kwenye orodha ya wenye shughuli ndiko utamu ulipo. Tazama watu wenye kazi mbili. Seremala ndiye anayezika wafu, kwa kuwa ndiye mwenye mbao za jeneza; fundi viatu anatunza posta; mwenye kilabu ana ekari chache za shamba. Kazi mbili dhidi ya jina moja maana yake kijiji hakikuwa na wateja wa kutosha kumlisha mtu kwa kazi moja, na hilo sensa haikuambii waziwazi. Tazama pia wanawake. Jina la mwanamke likitokea mbele ya uhunzi au kinu, mara nyingi ni mjane aliyeishika kazi ya marehemu mumewe. Mwandishi Flora Thompson, aliyezaliwa mwaka 1876 katika kitongoji cha Juniper Hill, Oxfordshire, alianza kazi akiwa msichana mwaka 1891 katika posta ya Fringford, chini ya Bi Whitton, mwanamke aliyeendesha posta na karakana ya mhunzi kwa pamoja. Wasomaji wa riwaya zake humwona mama wa namna hiyo kama kioja cha mtunzi. Aliyezoea saraka hashangai.

Na wauza bia? Sheria ya mwaka 1830 ilimruhusu mwenye nyumba yeyote anayelipa kodi kuuza bia akilipia leseni ya bei nafuu. Ndiyo sababu katika saraka za baadaye kuna wenye vilabu vyenye majina na kuna "wauza bia" wasio na jina la nyumba. Wa pili ndio wanaotoweka haraka.

Lakini toleo moja, hata liwe limejaa vipi, ni bubu. Saraka huanza kusema unapoyaweka matoleo manne au matano ya kijiji kimoja kando kwa kando, tuseme 1855, 1874, 1899, 1915 na 1935. Familia ya wahunzi inarithishana jina la John kwa miaka hamsini, kisha ghafla John wa mwisho anauza petroli. Washona viatu watatu wanakuwa mmoja, halafu hakuna, kwa kuwa viatu vya kiwandani vinafika kwa treni. Kwa maoni yangu, mwaka jina linapopotea una thamani kuliko mwaka linapojitokeza.

Wachukuzi ndio ninaowapenda kuliko wote. Mchukuzi alikuwa na gari la farasi, akibeba mizigo na abiria kwenda mji wenye soko, na saraka ya mji huo iliandika jina lake, kijiji chake, siku zake, na nyumba ya wageni alikoegesha. Mwanahistoria Alan Everitt wa Chuo Kikuu cha Leicester alizichukua orodha hizo kavu katika miaka ya 1970 akaonyesha ni vijiji gani vilikuwa vya mji gani, yaani watu walienda wapi kununua na kuuza, bila kujali mpaka wa jimbo uliochorwa na serikali. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia baadhi ya wachukuzi hao wakanunua basi dogo, na safari ikabaki ya njia ileile, siku zilezile.

Mitego ipo. Tarehe ya jalada si tarehe ya habari. Majina yalikusanywa miezi mingi kabla. Idadi ya watu katika toleo la 1899 ni ya sensa ya 1891. Maelezo ya kanisa yalinakiliwa toleo hadi toleo bila mtu kwenda kutazama. Mpaka wa parokia nao ulihama, na shamba likaonekana limehamia kijiji cha jirani. Saraka nyingi zinasomwa bure mtandaoni: Chuo Kikuu cha Leicester kina mkusanyo wa Uingereza na Wales tangu miaka ya 1760, na Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka zaidi ya 700 za huko kwao.

Kwetu Afrika Mashariki mbegu hiyo ilipandwa na wakoloni. Gazeti la East African Standard lilitoa mwaka 1912 kitabu kilichoitwa The Red Book, mwongozo na saraka ya nchi ambayo leo ni Kenya, pamoja na Uganda na Zanzibar. Humo kibarua aliyekosekana ni takriban kila Mwafrika. Makampuni na walowezi wamo, lakini kijiji cha wenyeji hakimo. Hata hivyo nisingekitupa. Mfanyabiashara kama Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na maduka kuanzia pwani mpaka Uganda, na penye duka palikuja njia, kisha soko. Jina la mwenye duka na mwaka wake ukiwa nao mkononi, unaweza kwenda kwenye gazeti rasmi la serikali ya Kenya kutafuta kiwanja na leseni, halafu kwa wazee wa mahali hapo kuuliza nani alikuwa karani wake, nani alimletea pamba na ngozi, na ng'ombe walinyweshwa wapi siku ya gulio.