Askari Ampigapo Mwenye Nyumba

Mlinzi huwekwa mlangoni ili amkamate mwivi. Je, mlinzi huyo asipomtambua tena mwenye nyumba, akamgeuzia silaha, nani atamwokoa? Hayo ndiyo yampatayo mgonjwa wa lupasi.

Katika damu yetu mna chembe nyeupe zilindazo mwili. Viini vya maradhi viingiapo, chembe hizo hutengeneza kingamwili, ambazo humshika adui na kumtia alama ili aangamizwe. Kwa mtu mzima wa afya, ulinzi huo hupambanua kilicho chake na kilicho kigeni. Kwa mwenye lupasi upambanuzi huo umeharibika. Kila siku chembe kadha wa kadha za mwili hufa; lakini kwake mabaki hayazolewi upesi. Ulinzi huyadhania kuwa adui, ukatengeneza kingamwili za kupiga viini vya chembe zake wenyewe. Kingamwili na mabaki hushikamana, vikachukuliwa na damu, vikatua katika figo, ngozi na maungo, na huko huleta uvimbe na maumivu. Jua kali huuzidisha ugomvi huo, kwa kuwa huua chembe za ngozi.

Katika kila wagonjwa 10, yapata 9 ni wanawake, na wengi wao wamo katika umri wa kuzaa na kufanya kazi. Kwa ngozi nyeusi, upele wa mashavuni pengine hauwi mwekundu bali mweusi zaidi, hata ukapita bila kutambuliwa. Uchovu wao hauonekani kwa macho: msimamizi husema ni uvivu, jirani husema amerogwa. Wote wawili wamekosa. Wala maradhi haya hayaambukizi. Hapana sababu ya kumtenga mtu.

Dawa iliyothibitishwa ya kuyang'oa kabisa haijapatikana bado, lakini ziko za kuyatuliza. Mojawapo ni haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini iliyotumiwa miaka mingi kwa malaria. Prednisoloni nayo huzuia ukali wa ulinzi, ingawa ina madhara yake ikitumiwa sana.

Basi, mwenzetu akilalamika kwa miezi kwamba maungo yamvimba, homa hairudi nyuma na jua lamchoma, tusimcheke. Aende hospitali, apimwe damu na mkojo pia, maana figo huharibika kimyakimya. Mlinzi aliyepotea aweza kutulizwa, lakini figo iliyokwisha kufa hairudi.